Nani Anapokea Zamu ya Dorka?

Tangu afike, Goodness aliamini kwamba Kwa Dorka ni jina la mahali. Waendesha bodaboda wa Machochwe walilitamka kama wanavyotamka jina la kituo: "Nesi, nikushushe Kwa Dorka?" Wanawake waliokuja zahanati na watoto migongoni walielekezana hivyo hivyo. Ukishapita kisima, ile nyumba yenye bati jekundu, Kwa Dorka, ndipo anapokaa nesi. Hata yeye alipompigia mama yake Singida alisema anaishi Kwa Dorka, na mama yake akauliza kama ni mjini.

"Si mjini, mama. Ni mwisho wa barabara."

Na kweli barabara iliishia pale. Mbele ya nyumba ya mtumishi kulikuwa na shamba la mtama, nyuma ya mtama malisho, na nyuma ya malisho hifadhi, ambako tembo walitoka msimu wa mavuno na watu wakakesha wakipiga madebe. Zahanati yenyewe ilikuwa na yeye na tabibu Venant, basi. Venant alikuwa na mke Mugumu. Ijumaa ikifika pikipiki yake ilisikika ikipanda kilima, halafu haikusikika tena, na Goodness akabaki na mtama.

Asidhani mtu kwamba alichukiwa. Walimpenda sana. Walimletea maziwa kwenye kibuyu, walimletea kuku aliyefungwa miguu, walimpisha kisimani. Ila hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa nesi. Watoto walimkimbilia wakiimba nesi, nesi, wazee walimwitikia "Marahaba, nesi", mlevi mmoja alikuwa akipita jioni akimtukana hata yeye kwa heshima, "Nesi, mjinga wewe!" Zilipita wiki nzima nzima bila mtu kulitaja jina alilopewa na wazazi wake. Siku moja alijikuta mbele ya kioo, kitana mkononi, analitamka mwenyewe kwa sauti, kama mtu anayejaribu tochi aone kama betri bado zina nguvu.

Ndiyo maana aliupenda Udada wa Koroboi.

Udada huo ulianzishwa na wauguzi wanawake waliosoma pamoja kisha wakatawanywa kwenye zahanati zisizo na umeme, wakazalisha watu kwa mwanga wa koroboi, kile kikopo cha bati chenye utambi na mafuta ya taa. Makao makuu yalikuwa Dodoma. Tawi la huku lilichukua wauguzi wa Tarime na Serengeti, na lilikutana Bomani, Tarime mjini, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Walivaa kitenge cha bluu chenye picha ya koroboi. Mmoja akiita "Koroboi!" wote waliitikia "Inawaka!" Na sheria yao iliyompendeza Goodness kuliko zote ni kwamba humo ndani hakuna nesi wala sista: kila mtu aliitwa jina lake. Alikuwa akishuka Tarime amejaa vumbi mpaka kope, na kabla hajafika mlangoni angesikia, "Goodness wetu huyo! Tembo wamemwachia leo!" Kicheko hicho kilimtosha mwezi mzima. Hakikumtosha, lakini alikipima kwa kijiko kidogo kidogo mpaka kikafika.

Udada ulikuwa na desturi nyingine, ya msiba. Mwenzao akifa, walisimama kaburini na sare nyeupe, koroboi moja imewashwa. Kiongozi aliita jina la marehemu. Kimya. Aliita tena. Kimya. Kisha akasema, "Zamu yake imekwisha. Nani anapokea?" na mmoja wao akajibu, "Nimepokea," akapuliza utambi. Ni neno la wodini tu. Muuguzi haondoki mpaka mwenzake aseme amepokea wagonjwa. Lakini likisemwa kaburini, hata wanaume walioshika majembe hutazama pembeni.

Sasa tawi lilikuwa linatimiza miaka thelathini, na Dada Mkuu Philomena, metroni mstaafu mwenye sauti ya kutuliza wagonjwa, alimpigia Goodness. Mtandao Kwa Dorka ulishikika vizuri mahali pamoja tu, nyuma ya nyumba, kwenye rundo la mawe lililoota nyasi. Goodness alikuwa ameyazoea mawe yale. Jioni alikaa juu yake kama mtu anayekaa kwenye kochi lake, akasoma ujumbe wa Udada, akajibu, akacheka peke yake.

"Goodness wangu, wewe una mkono," Philomena alisema. "Zile salamu zako za rambirambi watu wanazihifadhi. Utuandikie historia ya tawi, uisome siku ya sherehe. Wageni wanatoka Dodoma."

"Mimi, Dada Mkuu? Mimi nimekuja juzi."

"Ndiyo vizuri. Huna makundi. Nitakusimulia mwenyewe."

Akamsimulia, jioni nyingi, Goodness akiwa juu ya mawe. Namna walivyoanza wakiwa wachache pale Bomani. Namna walivyochangishana nguo za watoto wachanga. Namna walivyotembea kwenda kwa mwenzao aliyeunguliwa na nyumba. Goodness aliandika kwa furaha ya mtu aliyeajiriwa na ukoo wake mwenyewe. Akaona si vibaya aweke mistari michache kuhusu kituo chake, mwisho wa barabara. Basi Jumapili moja alimfuata Mama Heche, jirani yake, aliyekuwa akipepeta maharage uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, nesi. Kaa. Umekonda, nani anakupikia?"

"Najipikia. Mama, huyu Dorka aliyepewa jina la pale ninapokaa alikuwa nani? Mwenye shamba?"

Mama Heche aliacha kupepeta. Alimtazama, kisha akacheka, kicheko kifupi kilichokosa pa kwenda.

"Shamba gani? Dorka alikuwa nesi, kama wewe. Dorka Akello, Mjaluo, wa kule Rorya. Amelala chumba hicho hicho unacholala. Huyo Mseti anayekubeba na pikipiki, mama yake nani alimzalisha? Dorka. Kwa koroboi, mvua inanyesha, mimi nimeshika utambi."

"Alihamishwa?"

"Nesi, wewe unatania?" Mama Heche aliweka ungo chini. "Si unakaa naye kila jioni? Tunakuona pale kwenye mawe. Tukasema, huyu amelelewa vizuri, anakwenda kumjulia hali mwenzake. Wengine waliotangulia walikuwa wanapaogopa."

Mikono ya Goodness ilitafuta kitu cha kushika ikashika maharage.

Mama Heche alimweleza taratibu, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kikurya. Ilikuwa wakati wa mvua za elnino. Mto ulijaa, daraja likaenda. Dorka alishikwa na homa, na zahanati nzima haikuwa na mtu mwingine wa kumchoma sindano. Walijaribu kumbeba kwenye kitanda, wakafika mtoni, wakarudi. Kabla ya hapo, barabara ilipokuwa bado inapitika kwa shida, alimpa ujumbe dereva wa lori la mahindi awapelekee wenzake Tarime. Hakuna aliyekuja. Walimzika pale nyuma kwa sababu Rorya hakufikiki. Wale wenzake walikuja baadaye, mto uliposhuka, na nguo nyeupe na taa yao.

"Wakaimba vizuri sana," Mama Heche alisema. "Halafu mmoja akakataa. Mrefu, Mwislamu. Wakamwambia aseme neno lao, akakataa mbele yetu sote. Sasa yuko Issenye, anashonea watoto wa sekondari sare. Mimi ningekuwa wewe ningemuuliza yeye. Mimi najua maharage."

Jioni ile simu ililia ndani ya nyumba, pale pembe ya dirisha ambako mtandao hushika kidogo kisha ukakata. Goodness hakutoka.

Mseti alimpeleka Issenye kupitia Mugumu, na njiani hakuongea mzaha wake wa kawaida. Walipofika alisema tu, "Mama Heche aliniambia umeuliza. Mimi jina langu la pili ni Akello, nesi. Mkurya mzima naitwa Akello. Shuleni nilipigana sana kwa ajili ya hilo jina." Akaegesha pikipiki kivulini, akampa mgongo.

Bi Mwanvua alikuwa barazani na cherehani, sketi za bluu zimerundikana pembeni. Alikuwa mrefu hata akiwa amekaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama ni sketi, mlete mtoto apimwe. Nimechoka na wazazi wanaokisia viuno."

"Mimi ni muuguzi. Natokea Kwa Dorka."

Cherehani ilisimama.

"Philomena amekutuma?"

"Ameniambia niandike historia ya tawi."

"Na mimi nimo?"

"Humo, bibi."

"Basi bado anasimulia vizuri." Alicheka, akakata uzi kwa meno. "Kaa hapo. Sogeza sindano, usije ukanidai matibabu."

Bi Mwanvua ndiye aliyelianzisha tawi. Alisema hivyo bila kujikweza, kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa. Alikuja kutoka Ujiji, akapangiwa Tarime, hakujua mtu, akaanza kuwakusanya wenzake waliokuwa hawajui mtu. Mwaka ule wa mvua alikuwa kwao, amekwenda kumzika baba yake. Ujumbe wa Dorka ulifika yeye hayupo.

"Dereva alileta maneno haya, wala hayakuwa mengi: Waambie wenzangu waje wanipokee zamu. Sasa mwanangu, wewe ni muuguzi. Maneno hayo wewe umeelewaje?"

"Anaumwa. Hawezi kuendelea."

"Umeelewa kwa sababu unakaa kule. Hawa walikuwa Bomani, kikaoni, wana chai. Siku hizo ukitaka uhamisho ulikuwa unawatania wenzako, njooni mnipokee zamu. Dorka alishatania hivyo mara nyingi. Philomena akaurudia ule ujumbe kwa sauti, akaigiza lafudhi ya Dorka, watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Wakaendelea na ajenda."

Goodness alikijua kicheko hicho. Ndicho alichokuwa akishuka kukifuata kila mwezi. Tembo wamemwachia leo.

"Dereva aliniambia niliporudi," Bi Mwanvua aliendelea. "Tulipofika kaburini, mimi ndiye niliyepangiwa kujibu. Philomena akauliza nani anapokea. Nikasema, sipokei. Alituomba tumpokee akiwa hai. Nikakaa chini, kwenye matope, na sare yangu nyeupe."

"Wakakufukuza?"

"Waliniambia niwaombe radhi. Nilipokataa, waliacha kuniita. Hakuna barua, hakuna kikao. Waliacha tu."

"Umewahi kujuta?"

"Kujuta hapana. Nilikosa watu, hilo ndilo lililotokea, na usilichanganye na lile la kwanza. Idi ya kwanza nilijishonea gauni, nikalivaa, nikakaa hapa nikisubiri hodi. Magharibi nikalivua." Alivuta sketi nyingine akaitia chini ya sindano. "Kwa hiyo sikushauri kitu. Usiende ukasema Mwanvua alinituma. Baraza hili nalijua vizuri, sitaki kumkaribisha mtu."

"Utakuja kwenye sherehe?"

"Nikafanye nini? Nina sketi."

Goodness aliandika yote. Aliandika kwa usafi, bila kumtukana mtu, akamtumia Philomena. Simu ikaja jioni hiyo hiyo. Safari hii alisimama kando ya mawe, kwa ncha za vidole, mkono mmoja umeinuliwa kuutafuta mtandao.

"Goodness wangu, umeniliza. Kazi nzuri mno. Ila kile kipande cha Dorka ukitoe."

"Si kweli, Dada Mkuu?"

"Mto ulikuwa umejaa. Ningefanya nini, niruke?"

"Ujumbe ulifika mto haujajaa. Mlicheka."

Sauti ya Philomena ikawa ile ya kumtuliza mgonjwa kabla ya sindano.

"Wewe hujui ninavyomkumbuka. Lakini historia ni ya kutujenga, mwanangu. Tuna vijana, watakimbia. Na nilikuwa nimewaza mwakani uwe katibu. Utakuwa unashuka huku kila wiki, utalala kwangu. Chumba kipo. Hutakaa tena peke yako huko porini. Unanielewa, Goodness?"

Alimwelewa. Na tusimpambe: alikifuta. Alikaa kitandani, chumba kile kile, akakifuta kile kipande kwa kidole kimoja, na alipomaliza alilia kidogo, kisha akawaza rangi ya shuka atakayonunua kwa ajili ya chumba cha Philomena.

Siku ya sherehe ukumbi wa Bomani ulijaa vitenge vya bluu. Wageni wa Dodoma walikaa mbele na maua ya plastiki. Walianza na kuwakumbuka waliotangulia. Koroboi ilikuwa mezani, ikiachwa iwake mpaka mwisho, Philomena akaita majina ya dada waliofariki, mmoja mmoja, na kila jina lilipata sauti iliyojibu "Nimepokea." Jina la Dorka Akello halikuitwa. Goodness alikuwa amejiandaa kwa hilo. Aliangalia viatu vyake, na bado vilikuwa na vumbi la Machochwe.

Kisha Brenda, rafiki yake wa Tarime, ambaye ndiye aliyekuwa mshereheshaji, msema chochote wa siku hiyo, alishika kipaza sauti. Brenda alikuwa binti mchangamfu, mwaka wa elnino alikuwa hajazaliwa.

"Sasa historia yetu! Atatusomea mwandishi wetu, mnamjua, yule wa mwisho wa dunia, jirani wa tembo. Dada Goodness wa Kwa Dorka! Semeni wote, Kwa wapi?"

"Kwa Dorka!" ukumbi mzima uliitikia, na wakacheka.

Ni kile kile kicheko. Walicheka hata waliokuwepo zamani, wanywa chai wale, midomo yao ikilitaja jina bila kuonja kitu. Philomena peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Goodness.

Goodness alisoma. Alisoma karatasi yote kama ilivyokubaliwa: nguo za watoto wachanga, nyumba iliyoungua, makofi mahali pa makofi. Alipofika mwisho watu walianza kuinuka wampongeze. Hakushuka.

"Kwa Dorka si jina la mahali," alisema. "Ni jina la dada yetu. Dorka Akello alikuwa wa tawi hili. Mwaka wa elnino aliumwa peke yake kwenye nyumba ninayolala mimi, akatuma mtu Bomani awaambie wenzake waje wampokee zamu. Hapa kikaoni ikachukuliwa kuwa utani, watu wakacheka. Akafa. Amezikwa nyuma ya nyumba, nami nilikuwa nakaa juu ya kaburi lake nikichati nanyi, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Na aliyewakusanya mkawa tawi ni Bi Mwanvua, yuko hai, yuko Issenye anashona sketi. Aliondolewa kwa kulisema hili."

Alichukua ile koroboi mezani. Bati lake lilikuwa la moto, akalishika hivyo hivyo.

"Dorka Akello," aliita. Kimya. "Dorka Akello." Wageni wa Dodoma walitazamana. "Zamu yake imekwisha. Nani anapokea?"

Alisubiri. Aliwapa nafasi, Mungu ni shahidi, aliwatazama uso kwa uso, wale waliomwita Goodness wetu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mmoja, mzee wa safu ya nyuma, alifungua mdomo, akaona Philomena amegeuka, akaufunga. Wengine walisoma mistari ya vitenge vyao.

"Nimepokea," Goodness alisema, akapuliza.

Moshi wa mafuta ya taa ulienea mbele. Brenda alimfikia wa kwanza, akamnong'oneza, amefunika kipaza sauti kwa kiganja, "We Goodness, umefanya nini? Sema tu samahani, yaishe. Watakusamehe, wanakupenda."

Philomena alikuwa amesimama. Ilikuwa rahisi kumhurumia. Alikuwa mzee, alikuwa amefanya mengi mema, na yote yalikuwa kwenye ile karatasi.

"Nesi," alisema, na neno hilo likamfika Goodness mahali pake kabisa. "Umewavunjia dada zako heshima mbele ya wageni. Waombe radhi, kisha ukae."

Kiti chake kilikuwa kule safu ya mbele. Mkoba wa mtu ulikuwa umeshawekwa juu yake. Aliuona, akaona na njia yote ya kurudi: Mugumu, kilima, mtama, nyumba yenye bati jekundu, na simu ambayo haitalia. Aliirudisha koroboi mezani taratibu isimwage mafuta.

"Siombi radhi," alisema. "Si leo, na mkiniita mwakani, sitaomba."